Nyonga ilivutwa, bili ikasema imepasuliwa

Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia barua za wasomaji wako kuhusu madai feki ya SHA, bima yetu ya afya ya serikali. Tangu 2025 wizara ilipoanza kufungia hospitali na kutaja mbinu zenyewe hadharani, yaani mgonjwa wa kuja na kurudi nyumbani anaandikwa amelazwa, tiba ndogo inaandikwa kubwa, mtu ambaye hajakanyaga hospitali analipiwa, basi kila mtu amegeuka hakimu. Na sina ubaya na hiyo hasira, pesa ni zetu, asilimia 2.75 ya mshahara inakatwa hata kabla hujaiona, na mama mboga naye anaambiwa alipe ya mwaka mzima mara moja. Ila kuna swali sijaona mtu akiuliza: huo uongo unaingiaje kwenye karatasi? Nani anauandika, na saa ile anauandika anaangalia nini?

Nauliza kwa sababu kuandika hizo karatasi ndio kazi yangu. Niko hapa Kisumu lakini bili ninazoshughulikia ni za hospitali za Marekani, ni kazi ya usiku, laptopu na intaneti na chai ya tangawizi ya kukufanya usilale, na siku hizi tuko wengi, kuna wenzangu Nakuru na Eldoret ambao tunaonana tu kwenye grupu ya WhatsApp stima ikipotea. Mgonjwa akishatibiwa huko kwao, sisi tunasoma maandishi ya daktari tunayageuza kuwa namba. Namba moja inasema mgonjwa alikuwa na nini, nyingine inasema alifanyiwa nini. Bima inalipa namba. Kama namba haishikani na maandishi bima inakataa, au inalipa halafu inarudi baada ya mwaka kudai pesa zake na faini juu, kwa hivyo kazini kwetu hatuchezi na namba tukidhani ni kitu kidogo.

Wacha nichukue mfano mmoja tu ili nisiongee hewani, nyonga kuteguka. Nimechagua nyonga kwa sababu ya barabara zetu hizi na kwa sababu ilitokea kwa familia yangu, nitafika hapo.

Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo ambacho kinakaa ndani ya kikombe cha nyonga, na hicho kiungo ni kigumu sana kutoka, ukiona kimetoka kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuwekewa nyonga bandia jua nguvu iliyopita hapo haikuwa ya mchezo. Kawaida ni gari. Mtu amekaa mbele kwenye probox, wamebanwa wawili kwa kiti cha mmoja, goti liko karibu kugusa dashibodi, gari linagonga, goti linapiga pale mbele na nguvu yote inapanda na paja hadi kichwa cha mfupa kinasukumwa nyuma ya kikombe. Ndio maana asilimia karibu 90 ya nyonga zinazoteguka kwa ajali huwa zimetokea upande wa nyuma. Utaona mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake, goti limegeukia ndani, na mwenyewe hataki hata shuka imguse. Kuna neva kubwa inapita hapo nyuma inayoshuka hadi kwenye unyayo, daktari makini atamwambia mgonjwa ainue vidole vya mguu kabla hajavuta kitu, kisha ataandika alichoona, kwa sababu ikigunduliwa baadaye kwamba unyayo hauinuki kila mtu atauliza ni ajali ilifanya hivyo au ni kuvutwa.

Na saa inakimbia. Damu inayolisha kile kichwa cha mfupa inapita kwa mishipa midogo ambayo imenyongwa wakati huo wote, kwa hivyo madaktari wanataka nyonga irudi mahali pake ndani ya saa sita. Ikichelewa, mfupa unaweza kufa polepole bila mtu kujua. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani picha inaonekana safi kabisa, halafu baada ya miezi mingi, hata miaka miwili, mtu anaanza kuchechemea na kushika kinena usiku. Tafadhali msomaji weka hilo akilini, lina maana kubwa kwenye mambo ya bili.

Sasa kuirudisha si lazima kisu, na mara nyingi hakuna kisu. Mgonjwa analazwa chali, mtu mmoja anashikilia mifupa ya nyonga isiinuke, daktari anakunja goti na paja halafu anavuta kuelekea juu kwa nguvu za kutosha, kuna wale wanapanda hadi juu ya kitanda, mpaka kichwa kinaingia na wote mle ndani wanakihisi kikiingia. Misuli ya paja haikubali kirahisi kwa hivyo mgonjwa anapewa dawa ya kumsinziza pale pale emajensi, au anapelekwa thieta anapigwa nusukaputi kamili. Baada ya hapo anapigwa eksirei nyingine, na panapowezekana CT skani kuangalia kama kuna kipande cha mfupa kimejificha ndani ya kikombe. Kisu kinaitwa nyonga ikikataa kurudi, au kukiwa na kipande kama hicho, au ukingo wa kikombe ukiwa umevunjika vibaya.

Kwa namba za Marekani hizo ni kazi tofauti kabisa na kila moja ina namba yake. (Namba zenyewe ni mali ya chama chao cha madaktari, AMA, zilitoka mara ya kwanza 1966, mwaka ule ule sisi tulipopata NHIF, bima iliyotangulia SHA, nimewahi kuwaambia wenzangu hivyo saa nane usiku na hakuna aliyecheka.) Kuvuta nyonga iliyoteguka kwa ajali bila anestesia ni 27250. Kuvuta kwa anestesia ni 27252. Kupasua na kuirudisha bila kuweka vyuma ni 27253. Kupasua huku ukishughulikia pia ukingo wa kikombe na kichwa cha paja vilivyovunjika ni 27254. Nyonga bandia, ile ya kuwekewa, ambayo inaweza kutoka hata mtu akiinama kuvaa kiatu, ina zake, 27265 na 27266, na watoto wanaozaliwa na shida ya nyonga wana zao pia. Huwezi kuchanganya kwa sababu daktari aliyetumia dakika chache kuvuta hawezi kulipwa sawa na aliyesimama masaa akipasua, na upasuaji mkubwa kwa bima yao ya Medicare unabeba ndani ya bei yake ziara za kawaida za kliniki kwa siku 90, mgonjwa hatozwi tena kila akija kuonyesha kidonda. Hiyo ya siku 90 ningependa sana ije huku lakini wacha nisitoke kwenye mada.

Ugonjwa wenyewe nao una namba. Kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, ile ICD-10, nyonga kuteguka ni S73.0. Wamarekani wameivuta ikawa ndefu, S73.014A ni nyonga ya kulia, imetokea nyuma, na herufi A maana yake jeraha bado linatibiwa. Akirudi kliniki kufuatiliwa inakuwa D, na akipata madhara ya baadaye inakuwa S. Mtu akiona hivyo anasema hawa watu hawana kazi ya kufanya, lakini angalia faida yake, mgonjwa aliyerudi kliniki mara kadhaa haonekani kama ameteguka nyonga upya kila mara. Halafu kuna namba nyingine ya kusema ajali ilikuwa ya nini, pikipiki, gari, kuanguka kwa ngazi.

Na koda, yaani sisi tunaogeuza maandishi kuwa namba, haruhusiwi kukisia, hiyo ndiyo sheria ya kwanza unayofundishwa. Kwa mfano ile dawa ya kusinziza anayopewa mgonjwa emajensi, je, hiyo ni anestesia ya kufanya uandike 27252 au ubaki na 27250? Tunabishana sana juu ya hilo hata sisi kwa sisi, na jibu linatafutwa kwenye maandishi, nani alitoa dawa, dawa gani, mgonjwa alilala kiasi gani, sio kwenye kichwa changu na wala sio kwa kuangalia ipi inalipa zaidi. Daktari akiandika tu "nyonga imerudishwa" bila kusema imerudishwaje, namtumia swali na bili inangoja. Kuna madaktari wanachukia hayo maswali, lakini wanajibu.

Sasa nikuletee nyumbani. Mume wa dada yangu alikuwa kiti cha mbele cha gari kwenye barabara ya Busia, yakamkuta kama hayo niliyoeleza, goti na dashibodi. Wasamaria wakamkimbiza hospitali moja ya kibinafsi, jina lake silitaji kwa sababu sijaandika kuwachongea na kusema kweli walimtibu vizuri, nyonga ilikuwa imerudi kabla ya hizo saa sita kuisha na vidole vya mguu vinacheza mpaka leo. Shida ilianza siku ya kutoka. Dada yangu alinipigia simu akaniambia njoo uangalie hii karatasi, wewe si ndio unajua hizi vitu.

Karatasi ilikuwa ya kurasa mbili. Wodi, kitanda, dawa, picha, vyote sawa. Halafu katikati kuna mstari unasema upasuaji wa wazi wa nyonga, na chini yake mwingine unasema vyuma, idadi 1. Shemeji amekaa pale kwenye benchi na magongo yake, nikamwambia samahani shemeji inua hiyo shati kidogo nione, akainua kwa aibu huku watu wanaangalia. Hakuna mshono hata mmoja, mchubuko wa goti tu. Mtu ambaye ngozi yake haijafunguliwa ameandikiwa chuma ndani ya mfupa.

Nikaenda kwa keshia, kijana mpole tu, nikamuuliza mbona hapa imeandikwa amepasuliwa. Akaniambia, "Madam, hivyo ndivyo sistimu inaleta. Ukiandika nyonga inakuja hiyo." Nikamwomba anionyeshe, akanigeuzia skrini, na ni kweli kabisa. Orodha ya nyonga ilikuwa na vitu vichache, kupasua na kuweka vyuma, kubadilisha nyonga nzima, na kitu cha plasta. Kuvuta hakukuwa kwenye orodha. Vyuma vilikuja vyenyewe kwa sababu sistimu imeviunganisha na huo upasuaji. Yule kijana alichagua kilichokaribiana, akabonyeza, akaendelea na mtu anayefuata kwenye foleni, na mimi ningekuwa pale bila mafunzo yoyote ningefanya nini kingine?

Tulipoomba maandishi ya thieta yakaletwa, baada ya kuzungushwa kidogo. Daktari alikuwa ameandika vizuri kuliko madaktari wengi ninaowasoma usiku, nyonga ya kulia imevutwa kwa nusukaputi bila kupasua, imetulia, neva iko sawa, picha ya baada iko sawa. Kila kitu ninachohitaji kazini kilikuwemo kwenye hiyo mistari michache. Ukweli ulikuwa umeandikwa, ukapotelea kwenye korido kati ya thieta na dirisha la malipo.

Na hapa shemeji akaniambia kitu ambacho nadhani ndicho wengi wetu tunasema. "Wacha tu shemeji, bora natembea. Kwani si SHA ndio inalipa?"

Sasa nataka nimjibu hapa gazetini kwa sababu pale benchi nilikuwa na hasira nikajibu vibaya. Kwanza SHA haikulipa yote, kulikuwa na salio la kuongeza kutoka mfukoni, na salio linahesabiwa kutoka kwa jumla, na jumla ilikuwa na chuma ambacho hakipo. Kwa hivyo ulikuwa unalipia chuma shemeji. Hiyo ni rahisi kuona. Ambayo si rahisi kuona ni ile ya rekodi. Nimesema mfupa unaweza kuanza kufa miaka miwili baadaye. Tuseme Mungu apishie mbali umeanza kuchechemea, umeenda hospitali nyingine, labda ya rufaa, wamefungua rekodi zako wameona uliwahi kupasuliwa ukawekwa vyuma. Daktari atatafuta chuma kwenye picha hakioni, atashangaa kama kilitolewa, lini, na nani, kulikuwa na maambukizi au la. Kuna vipimo vinaamuliwa kwa kuuliza kama mtu ana chuma mwilini, kama ile mashine ya MRI, ambayo ndiyo inayoonyesha mapema kama mfupa unakufa. Utaanza kujieleza kwa mdomo dhidi ya karatasi, na hospitalini karatasi ndio inaaminika kuliko mdomo.

Lakini kubwa kuliko hayo yote ni kesi ya ajali. Huku kwetu mtu akiumia barabarani anaenda polisi anachukua P3, ile fomu ya majeraha, daktari anaijaza, halafu anatafuta wakili wa kudai bima ya lile gari, kwa ile sheria ya bima ya magari ya kulinda watu wengine barabarani, Cap 405. Una miaka mitatu ya kufungua kesi. Pesa ulizotumia hospitalini ni hasara ambayo korti inataka uitaje hasa na uithibitishe hasa, risiti kwa risiti, haikubali makadirio. Sasa wewe una P3 ya daktari inayosema nyonga ilivutwa bila kupasuliwa na bili inayosema umepasuliwa ukawekwa vyuma. Wakili wa kampuni ya bima hahitaji akili nyingi, ataziweka hizo karatasi mbili mbele ya hakimu aulize ni ipi ya uongo. Na wewe ndiye uliyezileta zote mbili. Unaanza kuonekana mlaghai kwa sababu ya orodha ya kompyuta ambayo hujawahi hata kuiona, na kumbuka gari lililokuumiza si lako na kosa halikuwa lako.

Nirudi kwa ile hospitali. Kusema haki, walirekebisha. Mhasibu alikuja mwenyewe, akaondoa vyuma, akabadilisha ule mstari ukasomeka kuvuta nyonga kwa nusukaputi, jumla ikashuka, salio likashuka, shemeji akalipa akaenda nyumbani. Lakini nilipouliza kuhusu dai lililotumwa SHA, kama nalo limebadilishwa, nilijibiwa hiyo ni ya ofisi nyingine na ofisi hiyo imefungwa mpaka Jumatatu. Jumatatu dada yangu akaambiwa liko sawa. Liko sawa vipi, hakuonyeshwa.

Najua hospitali nazo zina kilio chao. Za kibinafsi zimelalamika hadharani mara nyingi kuhusu madeni, ya NHIF iliyokufa na ya SHA iliyoirithi tangu Oktoba 2024, na hospitali ikikaa miezi bila kulipwa kuna kishawishi cha kuchagua ule mstari mnene. Sikatai wezi wapo, wa kupanga kabisa, na hao wafungwe. Ninachosema ni kwamba mwizi na yule kijana keshia wanaacha alama ile ile kwenye karatasi, na mkaguzi akija kutoka Nairobi na kompyuta yake hawezi kuwatofautisha. Ukifunga hospitali ya mashinani kwa sababu ya orodha mbovu, wagonjwa wa Budalangi au Suba wataenda wapi usiku na nyonga imetoka? Na ukimwachilia mwizi kwa sababu amesema ni sistimu, basi kila mwizi atasema ni sistimu.

Na watu wa kufanya hii kazi tunao. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inafundisha wataalamu wa rekodi za afya miaka nenda miaka rudi, na Bunge lilipitisha sheria yao mwaka wa 2016. Wako wapi? Ninaowafahamu mimi wengine wanauza simu, na wengine wako nami usiku wakiandikia Wamarekani S73.014A kwa usahihi wa kuogopesha huku hospitali ya jirani yao haina mtu wa kusoma maandishi ya thieta kabla ya bili kuchapishwa. Hospitali inanunua sistimu ya mamilioni halafu inamweka mbele yake mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia tofauti ya kuvuta na kupasua. Mtaalamu mmoja kwa zamu, akae katikati ya thieta na keshia, asome maandishi, achague mstari, na kama mstari haupo kwenye orodha awe na uwezo wa kusema haupo na uongezwe leo.

Kwa wale wasomaji ambao mna mgonjwa wodini sasa hivi, niwaambie cha kufanya maana najua mtu akiwa na mgonjwa anaogopa kuuliza, anafikiri atazuiliwa. Mahakama Kuu ilisema mwaka wa 2015, kwenye kesi ya wale akina mama waliozuiliwa Pumwani, kwamba kumfungia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya bili ni kukiuka haki zake. Na matibabu ya dharura huwezi kunyimwa, hiyo iko kwenye katiba kifungu cha 43. Kwa hivyo uliza bila woga. Usikubali bili ya jumla, omba ile ya mstari kwa mstari. Omba nakala ya maandishi ya thieta na karatasi ya kuruhusiwa, hizo ni taarifa zako na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakupa haki ya kuziona. Kama ni nyonga, angalia kama imeandikwa upande gani, kulia au kushoto, imevutwa au imepasuliwa, kwa dawa gani, na kama kuna chuma muulize mgonjwa mwenyewe akuonyeshe kidonda. Angalia pia kama wameandika ilikuwa ajali ya gari. Ukiona kitu hakishikani usimrukie keshia, muulize kwa upole nani anaweza kurekebisha kabla hujasaini, kwa sababu ukishasaini umesema ni kweli. Na ukishafika nyumbani hizo karatasi usifungie mandazi, ziweke kwa miaka kadhaa hata kama mguu umepona kabisa.

Kwa SHA nina ombi moja. Nikitoa shilingi hamsini kwa M-Pesa napata ujumbe saa hiyo hiyo unaosema ni kiasi gani na zimeenda kwa nani. Dai likipelekwa kwa jina langu nataka ujumbe kama huo, kwa Kiswahili cha kawaida, useme hospitali fulani imedai kwamba tarehe fulani ulipasuliwa nyonga ukawekwa chuma, kama si kweli bonyeza hapa. Shemeji angebonyeza akiwa bado kwenye benchi. Hata wale wagonjwa hewa wangejulikana siku hiyo hiyo, kwa sababu mtu aliye shambani kwake Siaya akipalilia angeshangaa kuambiwa amelazwa Nakuru.

Mhariri, mkipata mkuu yeyote wa SHA wa kuwajibu, mwulizeni kwa niaba ya shemeji yangu: hospitali ikirekebisha bili ya mgonjwa baada ya dai kutumwa, dai linarekebishwa na nani, na mgonjwa analionea wapi?

Koda wa usiku,
Kondele, Kisumu.